Msichana na Daftari: Dini na Utengano Mwambaoni mwa Fizi

Mhadhara wa hadhara, Baraka

Nimeombwa nizungumze juu ya msichana mweusi anavyokua kati ya imani na ubaguzi. Mada kama hii watu huianzia Marekani, kwa Ruby Bridges, mtoto wa miaka sita aliyeingizwa na maafisa wa serikali katika shule ya Wazungu huko New Orleans tarehe 14 Novemba 1960, huku watu wazima wakimzomea. Nitafika Marekani, lakini nitapitia kwetu kwanza. Mwaka uleule Kongo ilipata uhuru ikiwa haina binti hata mmoja Mkongomani aliyemaliza sekondari. Wa kwanza, Sophie Kanza, alimaliza mwaka 1961. Hapa kwetu hakuna aliyehitaji kusimama mlangoni kumzomea msichana, maana njia ilikuwa imefungwa mbali kabla hajaufikia mlango.

Marekani ya kusini ilibagua kwa vibao: bomba hili la Wazungu, kiti kile cha weusi. Kwetu vibao vilikuwa vichache. Kulikuwa na madaftari. Daftari la ubatizo, la shule, la kodi, la uraia, la wakimbizi. Msichana wa Fizi, hapa mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika mashariki mwa Kongo, amekua akiandikwa na wengine, na mara nyingi aliyeshika kalamu alikuwa mtu wa dini. Dini ilimpa msichana wa mwambao huu jina, herufi na mahali pa kukimbilia. Mkono uleule ukamtenga. Hayo mawili sitayatenganisha jioni hii, hata kama baadhi yenu mngependa nisifu tu, na wengine mngependa nilaani tu.

Tuanze karibu kabisa. Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie walifika Ujiji mwaka 1879. Mwaka uliofuata walivuka ziwa wakajenga Mulweba, katika nchi ya Masanze, na mwaka 1883 wakafungua misheni ya Kibanga, upande wa Ubwari, ambayo baadaye waliiita Lavigerieville. Watoto wengi wa misheni hizo hawakuletwa na wazazi wao. Walinunuliwa. Mapadri waliwakomboa mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa, wakalipa kwa vitambaa, maana nguo ilitumika kama fedha ziwani. Wakawafundisha, wakawabatiza, wakawapa majina mapya.

Mvulana aliyekombolewa alikuwa na njia kadhaa mbele yake. Angeweza kuwa katekista, fundi, au mlinzi wa misheni. Wachache walipelekwa hadi kisiwa cha Malta, ambako Lavigerie alifungua chuo cha kuwafundisha vijana wa Kiafrika uganga wa kizungu. Adrien Atiman, aliyekuwa mtumwa mdogo huko Afrika Magharibi, alisoma Malta, akaja Karema ng'ambo ya ziwa letu, akatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Hakuna msichana aliyepelekwa Malta. Msichana aliandaliwa kwa kazi moja, aolewe na mmojawapo wa wavulana hao ili kijiji cha Kikristo kipate kuongezeka. Mapadri walipanga ndoa hizo wenyewe, kwa kuwa baba na wajomba wa kuombwa posa hawakuwapo.

Tusiwe wepesi wa kudharau. Binti aliyenusurika kufungwa kamba na kutembezwa hadi Ujiji, kisha akalala usiku chini ya paa ambalo hakuna angemuuza kesho yake, alijua thamani ya alichopewa kuliko sisi tunaohesabu kasoro zake. Lakini alikuwa pia msichana asiye na ukoo, na asiye na ukoo hana wa kumsemea.

Upande wa pili walikuwapo Wangwana, wafanyabiashara Waislamu waliotoka pwani. Muhammad bin Khalfan al-Barwani, ambaye babu zetu walimwita Rumaliza, alishika biashara ya kaskazini ya ziwa kutoka Ujiji, na katika maandishi ya mapadri ni kama shetani mwenye kilemba. Watu wake waliteka na kuuza, hilo halina ubishi. Hata hivyo nyumba ya Kiislamu ilikuwa na sheria zake: suria aliyemzalia bwana wake hakuuzwa tena, mtoto alizaliwa huru, na bwana akifa mama alikuwa huru. Wengi wenu humu ndani ni wajukuu wa nyumba hizo na wa misheni zile kwa pamoja, ndiyo maana katika familia moja ya Baraka utawakuta Zaina, Maria na Furaha wakila bugali na mikeke katika sahani moja. Ila angalieni pande zote mbili zinavyofanana. Msichana aliingia katika imani kwa kung'olewa kwao, hakuulizwa, na usalama wake ulipitia kwa mwanamume.

Sijui binti wa Kibanga aliyeacha kisa chake kwa jina lake. Aliye karibu ni Swema, msichana wa Kiyao aliyefikishwa Zanzibar miaka ya 1860, akazikwa akiwa hai kwa sababu alidhaniwa hana faida tena, akafukuliwa, akapelekwa kwa masista mwaka 1865. Padri Horner ndiye aliyekisambaza kisa chake kwa Kifaransa. Ukikisoma unasikia sauti mbili. Moja ni ya mtoto anayemlilia mama yake aliyekufa njiani kwenye msafara, na hiyo huwezi kuibuni. Nyingine ni ya padri anayetafuta wafadhili huko Ulaya: kila tukio linaishia kwenye msamaha, na msichana anazungumza kama kitabu cha sala. Nawaomba wanafunzi wa historia wajizoeze kuzisikia sauti hizo mbili, kwa sababu karibu kila karatasi iliyotaja msichana wa ziwa hili imeandikwa hivyo.

Mwaka 1888, kusini huko Mpala, Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa kabla ya kuja kulinda misheni za ziwa, alimwoa Agnes Atakaye, mwanamke wa hapa Afrika. Aliolewa kanisani, ndoa halali, mke mmoja. Miaka michache baadaye Wazungu wa makampuni na wa serikali walijaa nchini, wakaishi na wanawake weusi bila ndoa na kuwakana watoto. Nitamrudia Agnes, kwa sababu damu yake ilimwagika Fizi.

Sasa tuje kwenye shule. Mwaka 1906 serikali ya Leopold II ilitia saini mkataba na Vatican kwamba misheni za Kikatoliki zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Kuanzia miaka ya 1920 Ubelgiji ikazilipa ruzuku shule za misheni zilizoitwa za kitaifa, maana yake kwa sehemu kubwa za Kikatoliki. Waprotestanti walisubiri mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili. Waislamu hawakupata kitu.

Fikirini maana yake kwa mzazi Mwislamu wa Baraka. Kumpeleka binti shuleni ilikuwa karibu sawa na kumpeleka kwenye ubatizo. Basi binti alibaki nyumbani, akasoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, akahifadhi sura, pengine akajua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Karani wa serikali alipopita alimwandika kuwa hajui kusoma. Hadi leo kuna watu wanaosema Waislamu wa ziwa hawapendi shule. Wanaosema hivyo wanasahau ni shule ipi waliyofunguliwa.

Na binti Mkristo aliyeingia alipata nini? Alipata mengi, na alinyimwa kwa hesabu. Kaka yake alifundishwa Kifaransa kidogo ili awe karani. Yeye alifundishwa dini, usafi, bustani na ushonaji, katika lugha za hapa. Serikali na misheni zilikubaliana kwamba anayehitajika ni mke wa karani, mwenye kujua kupiga pasi na kulea mtoto kwa maji yaliyochemshwa. Maji yaliyochemshwa yameokoa watoto wengi, siyadharau. Lakini Kifaransa ndicho kilikuwa lugha ya ofisi, ya mahakama na ya kitabu cha sheria, na msichana alipowekwa mbali nacho aliwekwa mbali na kila daftari ambamo jina lake liliandikwa. Hakuweza kusoma kilichosemwa juu yake.

Rangi nayo ilikuwa na mipaka yake. Amri ya mwaka 1931 ilianzisha miji ya Waafrika iliyotengwa na makazi ya Wazungu, na katikati ukaachwa ukanda mtupu. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kutembea upande wa Wazungu bila kibali. Hospitali zilikuwa mbili, shule mbili. Kuanzia karibu mwaka 1950 watoto wachache wa Kiafrika waliruhusiwa kuingia shule za watoto wa Kizungu, lakini baada ya familia kukaguliwa kama ni safi na imestaarabika kiasi cha kutosha. Mkaguzi aliingia hadi jikoni. Elimu ya mtoto ilitegemea sufuria za mama yake.

Baraka haikuwa mji wa namna hiyo, ilikuwa soko na bandari ya mitumbwi. Lakini njia ya ziwa ilikuwa wazi kwenda Uvira, na kutoka Uvira kwenda Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Huko, katika mtaa wa Buyenzi, walikaa Waswahili wa asili ya Kongo, wengi wao wakiwa wa mwambao huu. Napenda tukae Buyenzi kidogo, maana ndiko dini, kodi na utengano vilikokutana juu ya kichwa cha mwanamke, na ndiko alikojibu.

Katika miji ya Waafrika Wabelgiji walitoza kodi wanawake waliowaita, katika karatasi zao, wanaoishi peke yao kwa nadharia. Maneno hayo si yangu. Mwanamke asiye na mume aliyeandikwa alihesabiwa kuwa anajipatia riziki kwa njia wasiyoipenda, basi alipe. Kisha tarehe 4 Aprili 1950 ikatolewa amri dhidi ya ndoa za wake wengi, ikaanza kutumika Januari 1951. Mke wa pili aliyeolewa baada ya hapo, hata kama aliozeshwa na shehe mbele ya mashahidi na mahari ikatolewa, mbele ya sheria hakuwa mke. Kama hakuwa mke, basi aliishi peke yake kwa nadharia. Na kama aliishi peke yake, alidaiwa kodi ya malaya, akiwa nyumbani kwa mumewe, kwa ndoa ya dini yake. Mjane mwenye heshima zake, aliyekaa eda na kulea wajukuu, naye akatiwa katika daftari hilohilo.

Katika miaka ya 1950 wajane Waislamu wa Buyenzi waliigomea kodi hiyo hadharani. Mwanahistoria Mmarekani Nancy Rose Hunt alikwenda kuwauliza wazee wa mtaa huo na akaandika habari yao, nami namshukuru, kwani sisi wenyewe tulikuwa tumeanza kuisahau. Mabibi wale hawakuwa na chama wala gazeti. Walikuwa na heshima ya uchaji Mungu, na ndiyo waliyoitumia: walikataa kuitwa malaya kwa sababu walijua mbele ya Mungu wao ni akina nani. Tukitafuta mahali ambapo imani ilimpa mwanamke wa kwetu nguvu ya kulirudishia daftari jibu, mfano wangu wa kwanza ni huo, nao ni wa Kiislamu. Nawaambia haya viongozi wa makanisa yetu kwa upendo.

Katika mji uleule wa Usumbura, mwaka 1946, ulifunguliwa ukumbi wa jamii wa kuwafundisha wake za makarani kushona, kupika na kupiga pasi. Mama mmoja alipigiwa makofi kwa shati alilonyoosha, na mwenzake wa mtaa wa pili alidaiwa kodi kwa kuolewa mke wa pili. Walikuwa weusi wote wawili, wamezaliwa mwambao mmoja.

Kuna msichana mwingine ambaye siwezi kumpita: yule aliyezaliwa na mama mweusi na baba Mzungu. Serikali ilimtafuta kijijini, ikamchukua kwa mama yake, ikamkabidhi kwa masista walio mbali, ikaandika kwamba baba hajulikani. Wanawake watano, Monique Bitu Bingi, Léa Tavares Mujinga, Noëlle Verbeken, Simone Ngalula na Marie-José Loshi, walichukuliwa hivyo wakiwa wadogo na kupelekwa misheni ya Katende huko Kasai. Wakati wa uhuru masista waliondolewa, wasichana wakaachwa. Uzeeni waliishtaki Ubelgiji. Walishindwa mwaka 2021, wakakata rufaa, na tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels ikaamua kwamba yale yalikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kila mmoja aliamriwa alipwe euro 50,000. Ukombozi wa Kibanga ulimtoa mtoto kwa wauza watu. Miaka sitini baadaye desturi ileile ya kumlea msichana mbali na ukoo wake ilimtoa mtoto mikononi mwa mama aliyekuwa akimnyonyesha. Hapo ndipo ninapoona uchungu wa historia hii.

Turudi Fizi, kwa damu ya Agnes. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, waasi waliwaua mamisionari Waxaveri wawili hapa Baraka, Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara. Siku hiyohiyo, Fizi, wakawaua Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Huyu Albert alikuwa wa ukoo wa Kapteni Joubert na Agnes Atakaye, chotara, padri wa hapahapa. Wote wanne walitangazwa wenye heri huko Uvira tarehe 18 Agosti 2024, na wengi wenu mlipanda magari na mitumbwi kwenda kushuhudia. Kapteni Joubert ametungiwa vitabu. Juu ya Agnes utapata mistari michache: jina lake, mwaka wa ndoa, watoto aliozaa. Jimbo likitaka kuwaheshimu wenye heri wake kwa ukamilifu, limtafute mama huyu katika madaftari yake, liandike kijitabu chake kwa Kiswahili, wasichana wetu wakisome.

Nitapita haraka miaka iliyofuata. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, na binti aliyekuwa Maria katika daftari la parokia akawa mtu mwingine katika daftari la shule. Mwishoni mwa 1974 serikali ikataifisha shule za dini, ikashindwa kuziendesha, na Februari 1977 ikazirudisha kwa mkataba kwa Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Waislamu waliingia katika mpango huo baadaye. Ndivyo ilivyo hadi leo: mwalimu analipwa na serikali, daftari linashikwa na dini.

Nakuja sasa mahali ambapo nitawaudhi baadhi yenu. Naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Mbelgiji ameondoka, utengano umebaki, na sasa tunauandika kwa mkono wetu. Sheria ya uraia ya Juni 1981 ilidai mtu athibitishe kwamba mababu zake walikuwa nchini mwaka 1885, tarehe ambayo hapakuwa na karani hata mmoja katika milima hii. Sheria ya 2004 ililegeza masharti, lakini mioyo ililegea kidogo tu. Tangu vita vya 1996 tumehesabu wafu kwa makabila. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, Makobola na vijiji jirani viliangamizwa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inataja zaidi ya watu 800 waliouawa, wengi wao wanawake na watoto. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, katika kambi ya Gatumba huko Burundi, waliuawa zaidi ya watu 160, wengi wao Banyamulenge, yaani Watutsi wa milima yetu hii, waliokimbia kutoka kwetu. Makobola ina ibada yake ya kumbukumbu, Gatumba ina yake. Sijaona kanisa katika eneo hili linalowasomea wafu wa misiba yote miwili katika ibada moja.

Tena ni makanisa yaleyale! Kanisa la Kipentekoste la CEPAC lipo juu milimani Minembwe na lipo chini ziwani, Wamethodisti Huru vilevile wana waumini wa kila upande, na nyimbo ni zilezile za Kiswahili. Lakini binti wa Kibembe anakua bila kuketi benchi moja na binti wa Kinyamulenge, na kila mmoja anafundishwa na shangazi zake kwamba yule mwingine ni nyoka. Nimewasikia watu wakisema huo si ubaguzi, ni tahadhari ya vita. Wazungu wa New Orleans nao walisema wanalinda watoto wao.

Gatumba alikuwapo msichana wa miaka kumi, Sandra Uwiringiyimana, mzaliwa wa Kivu yetu ya Kusini. Mdogo wake Deborah, wa miaka sita, aliuawa usiku ule. Mwaka 2007 familia yake ilipelekwa Rochester, jimbo la New York. Mwaka 2014 alizungumza mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa juu ya watoto vitani, na mwaka 2017 akatoa kitabu cha maisha yake. Nyumbani alikuwa akiitwa mgeni kwa kabila lake. Alipofika Marekani hakuna aliyejua kabila lake, wala aliyejali. Alikuwa mweusi, basi, na kila mtu, mweusi na mweupe, alikuwa na lake la kumwambia juu ya namna inavyompasa kuwa mweusi.

Binti wa Kibembe aliyekulia Nyarugusu anakutana na jambo hilohilo. Kambi ile ya Kasulu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwishoni mwa 1996, na wengi wa waliojaa humo walitoka Fizi na Uvira. Amezaliwa kambini, jina lake likaingia katika kadi ya posho, amesoma mtaala wa Kongo katika nchi ya Tanzania, amebatizwa chini ya hema. Familia inapata safari ya Marekani. Siku ya kwanza shuleni anajaza fomu inayomtaka achague rangi, na kisanduku chake ni kimoja na cha mjukuu wa watumwa wa Mississippi, na kimoja na cha yule binti wa Kinyamulenge aliyefundishwa kumchukia. Kisha inafika Jumapili. Martin Luther King alilalamika kwamba saa tano ya asubuhi ya Jumapili ni saa ya utengano kuliko zote Marekani, weupe kanisani kwao, weusi kwao. Watu wetu wamefika huko, wakafungua makanisa ya Kiswahili, wakaimba vizuri mno, na baada ya muda mfupi wakayagawa: hili la Wabembe, hili la Banyamulenge, hili la Wafuliiru. Kisanduku kimoja kwenye fomu, makanisa matatu mtaani.

Sisemi haya ili tucheke. Mtu aliye ugenini hutafuta sauti inayofanana na ya mama yake, na hilo halina dhambi. Ninachosema ni kwamba msichana anayekua humo anasikia mahubiri mawili kila Jumapili, moja kutoka madhabahuni na lingine kutoka kwenye mpangilio wa viti, na la pili ndilo analolikumbuka.

Hata hivyo wanawake wa hapa wametuonyesha kwamba daftari linaweza kugeuzwa. Februari 2011 mahakama ya kijeshi ya kusafiri ilikaa hapa Baraka. Wanawake wa Fizi waliobakwa usiku wa mwaka mpya walikuja mbele ya majaji, wakasema. Luteni Kanali Kibibi Mutware, kamanda wa askari waliofanya hayo, alihukumiwa miaka 20 jela. Safari hiyo karani aliandika walichosema wao, kwa maneno yao, na kilichoandikwa kikamfunga mwenye bunduki. Wako waliorudi nyumbani wakakuta waume wamehama, na wako waliokaribishwa kanisani kwa minong'ono. Lakini walikwenda.

Namaliza kwa maombi, na ni machache.

Wakuu wa shule za Kikatoliki, za Kiprotestanti na za Kiislamu: bado zipo shule zetu ambazo binti akipata mimba jina lake linafutwa, na la mvulana aliyempa mimba linabaki. Acheni. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure. Msibuni malipo mengine ya kumrudisha binti nyumbani.

Wachungaji, mapadri na mashehe: sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inasema mtoto aandikishwe katika siku 90 tangu kuzaliwa, na kuandikishwa ni bure. Asiye na hati hiyo ndiye atakayeulizwa kesho yeye ni wa nchi gani, na ndiye atakayeozwa akiwa na miaka kumi na minne bila mtu kuweza kuthibitisha umri wake. Mnatangaza michango kila Ijumaa na kila Jumapili. Tangazeni na siku hizo 90. Msitangaze kwa watoto wa kabila lenu tu.

Nanyi wasichana: ofisi ya hali ya raia iko hapahapa mjini. Nendeni mkaulize jina lenu limeandikwaje, na kama limekosewa, lisahihishwe mkiwa mmesimama pale.